Mume na Mke Katika Lori Moja

 

Wakazi wa Masasi hatuhitaji saa ili kujua kwamba usiku umekwenda. Malori ya makaa ya mawe hupita mjini kwetu saa zote, yakitoka Ngaka wilayani Mbinga, yakivuka Songea, Namtumbo, Tunduru na Mangaka, kisha yakiteremkia Ndanda na Mnazi Mmoja hadi Mtwara. Kwanza makaa hayo yalikuwa ya kiwanda cha saruji cha Dangote kilichofunguliwa Mtwara mwaka 2015. Baadaye yakaanza kupakiwa melini katika bandari ya Mtwara na kupelekwa ng'ambo. Ukifika mwezi wa Oktoba huongezeka malori ya korosho kutoka maghala ya MAMCU kwetu Masasi na ya TANECU kule Newala na Tandahimba. Na wapo wanaokata kushoto pale Mangaka kuelekea Mtambaswala, wakavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010, wakaingia Msumbiji. Kwa hiyo lori limekuwa shamba la pili la vijana wetu. Nyumba isiyo na dereva ina utingo, na isiyo na utingo ina mama lishe anayewapikia wote wawili.

Mwaka huu kaya tatu zimeleta mbele ya kamati ya msikiti swali ambalo hapo nyuma hatukulizoea: je, inafaa mume na mke waingie katika kazi hii pamoja, wakaendesha lori moja kwa zamu, huyu akishika usukani na yule amelala nyuma? Kaya ya kwanza, mume ni dereva wa miaka mingi na mke anaendesha gari dogo. Ya pili ni vijana waliofunga ndoa karibuni, hawajapata mtoto, nao wamechoka kusubiri malipo ya korosho. Ya tatu ni watu wa makamo ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea. Tulikaa na imamu wetu, tukawaita madereva wawili wazee waliostaafu, na tukawaita pia akina mama wa kamati, ambao kwa hakika ndio waliouliza maswali magumu. Makala haya yanatoa tuliyoyapata, kwa kuwa tunaamini swali hili litafika katika misikiti mingine iliyo kando ya barabara.

Tuanze na hofu ya kwanza, ya wale wanaosema kwamba jambo hili ni geni na haliwafai Waislamu. Si geni sana. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao iliyobeba pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa ilipita katika nchi hizi zetu, na katika misafara ya Afrika Mashariki kwa jumla lilikuwa jambo la kawaida mpagazi kufuatana na mkewe, mke akabeba mkeka, sufuria na chakula, na wengine wakabeba mizigo ya ujira kama wanaume. Ama upande wa dini, katazo wanalolitaja wanazuoni kuhusu safari ya mwanamke linahusu kusafiri bila ya mume au maharimu. Hapa mume yupo, tena yupo karibu kuliko mume yeyote mjini Masasi. Na Mtume (s.a.w.) alipowasifu wanawake wa Kikureshi aliwataja kuwa ni wapandaji wa ngamia, kisha akawapa sifa mbili: huruma kwa mtoto mchanga na uangalifu wa mali ya mume. Kuendesha chombo hakukuwa aibu. Tumeona kwamba ni sifa zile mbili ndizo zinazopaswa kupimwa katika shauri hili, yaani mtoto na mali, na huko ndiko tutakakokawia.

Wenye kuleta swali hili hutaja Marekani. Ni kweli kwamba huko madereva wawili katika lori moja ni utaratibu uliokomaa, na wengi wao ni mume na mke. Na miongoni mwa ndugu zetu Wasomali waliohamia Minnesota na Ohio, kazi ya lori la masafa marefu imewalea wengi. Lakini lazima tufahamu kwa nini utaratibu huo unalipa kule. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa mizigo aendeshe saa 11 tu, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Mzigo unaotoka New York kwenda Los Angeles una safari ya kilomita zaidi ya 4,000 bila mpaka wa nchi hata mmoja njiani. Dereva akiwa peke yake, lori husimama karibu nusu ya kila siku. Wakiwa wawili, lori halisimami ila kwa mafuta. Mwenye mzigo hulipia haraka hiyo.

Sasa tuirudishe hesabu hii kwetu. Kutoka Mtwara hadi Songea ni zaidi ya kilomita 600, na kutoka Songea hadi Mbinga ni karibu 100 nyingine. Lori lenye shehena, likienda kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa kwa sababu ya milima, vijiji, matuta na mizani, hutumia kama saa 16 za kuendesha. Dereva mmoja anayeiheshimu roho yake hulala njiani, basi ni siku mbili. Wawili kwa zamu watafika ndani ya siku moja na usiku wake. Kurudi ni hivyo hivyo. Lakini mwulize dereva yeyote wa makaa ni nini kinachokula muda wake, hatakutajia barabara: atakutajia foleni ya kupakia na foleni ya kushusha. Tuseme kwa mfano kwamba foleni zote mbili zinachukua siku tatu. Dereva wa peke yake atamaliza mzunguko kwa siku saba, na mume na mke kwa siku tano. Katika siku 28, yeye ana tripu nne, wao wana tano na nusu. Watu wamekuwa wawili, lakini tripu hazikuwa nane. Anayewaza kwamba mapato yatazidi mara mbili kwa kuwa mikono imezidi mara mbili, hakuiweka foleni katika hesabu yake. Njia ya Tunduma ni vivyo hivyo. Malori ya Kongo yanayosubiri pale mpakani, na tena Kasumbalesa, hayasubiri kidogo kwa sababu yana madereva wawili.

Faida iliyo wazi kuliko fedha ni usingizi. Mabasi ya safari ndefu nchini mwetu hutakiwa kuwa na madereva wawili safari inapozidi saa nane, na kila mmoja anajua sababu yake. Lori lenye tani nyingi kuliko basi huachiwa mtu mmoja na majani ya kutafuna. Watafiti wa Virginia Tech huko Marekani waliowapima madereva waliona mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja: anayelala ndani ya lori linalokwenda hapati usingizi mzuri kama wa kitanda kilichotulia, hata hivyo madereva wawili huendesha wakiwa wamezidiwa na usingizi mara chache kuliko dereva wa peke yake, kwa kuwa mchovu ana wa kumkabidhi usukani. Hili ni jambo zito. Tumezika vijana katika mji huu ambao sababu ya kifo chao ilikuwa usingizi wa dakika moja baada ya saa 15 za usukani.

Pamoja na hayo, mke hawi dereva wa pili kwa kukaa kiti cha kushoto. Lori zito lataka leseni ya daraja E, na leseni hiyo haifikiwi kwa kuruka madaraja. Mafunzo ya magari makubwa hutolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, na vyuo vya VETA hufundisha udereva mikoani. Tunasisitiza chuo kwa sababu tumesikia waume wakisema watawafundisha wake zao wenyewe, usiku, kati ya Tunduru na Nakapanya ambako njia ni tupu. Kufanya hivyo ni kuvunja sheria na ni kucheza na roho za watu. Na hata kama sheria ingenyamaza, aliyewahi kumfundisha mkewe baiskeli anafahamu vizuri kwa nini kazi hiyo apewe mgeni.

Baada ya leseni kuna mkataba, na hapa ndipo tulipoona hatari inayojificha. Mwenye lori akisikia kwamba dereva wake anakuja na mkewe, hufurahi upesi mno. Furaha yake ni kwamba atapata madereva wawili kwa mshahara mmoja na posho moja, na utingo atakuwa ameondolewa. Mke ataandikwa kuwa ni abiria, au hataandikwa kabisa. Akina mama wa kamati waliuliza: likitokea la kutokea, mke huyo atatambuliwa kama nani? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, humlipa mfanyakazi aliyeumia kazini au warithi wake. Mwanamke asiye na mkataba, asiye na jina katika orodha ya mwajiri, atakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba alikuwa kazini na si matembezini.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba pawepo mikataba miwili, majina mawili, na mishahara miwili, na michango ya NSSF ya kila mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi katika mengi ambayo madereva wetu huyaona ni hisani ya tajiri: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kazi yote pamoja na ya ziada isizidi saa 12 kwa siku, saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake, na kila wiki kuna saa 24 za mapumziko. Mke anayo pia likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, na hapaswi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Sisi tungeongeza kwamba hata miezi ya mwanzo lori si mahali pa mja mzito, lakini hilo ni la daktari na la wenyewe.

Mshahara wa mke ni wa mke. Uislamu haukuacha utata hapa. Nafaka, yaani chakula, mavazi na makazi, iko juu ya mume hata kama mkewe ana mali kuliko yeye, na mke akichangia, amefanya ihsani au amekopesha, kutegemea walivyokubaliana. Tunajua kwamba katika ndoa nyingi fedha huingia mfuko mmoja na watu wakaishi kwa wema. Lakini kazi hii ina sura nyingine, maana wawili hawa hawaonani jioni wakaulizana. Wako pamoja saa zote, katika chumba chenye upana wa kitanda kimoja, wamechoka, na mmoja wao anaamini kwamba yeye ndiye dereva na mwenziwe ni msaidizi. Waandike kabla ya safari ya kwanza.

Na wakifikia kununua lori lao, jambo ambalo ndilo tamaa ya wengi, kadi ya gari iwe na majina yote mawili. Watu wengi wa rika letu hawajui kwamba kesi iliyofungua mlango wa jambo hili nchini ilikuwa ya Waislamu: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, katika Mahakama ya Rufani, mwaka 1983. Mahakama ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali waliyochuma wanandoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe hakuzitumia vizuri. Lakini kanuni ilibaki na imewafaa wengi. Ikiwa mwanamke aliyepika na kufua anahesabiwa, mwanamke aliyeendesha usiku kucha kutoka Namtumbo hadi Masasi hana sababu ya kuachiwa karatasi zisizo na jina lake. Kuhusu fedha za kununulia, ziko njia zisizo na riba. Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ilianza mwaka 2011, na zipo benki nyingine zilizofungua huduma za namna hiyo. Benki hukununulia chombo na kukuuzia kwa faida inayojulikana, au hukikodisha kwako hadi kikawa chako. Soma masharti yake kama ungesoma ya benki nyingine yoyote, kwani neno la Kiarabu kwenye karatasi halipunguzi rejesho.

Tuingie katika lile ambalo waulizaji hawakulisema mbele ya imamu, lakini wake zao waliwaambia akina mama wa kamati. Baadhi ya wanawake wanataka kupanda lori ili wamlinde mume. Hawakuwa na maneno ya kuzunguka: wanaogopa nyumba ndogo za Songea na vyumba vya gesti vya njiani, na wanaogopa maradhi. Hofu hiyo ina msingi. Tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba virusi vya UKIMWI vilifuata barabara kuu za Afrika Mashariki pamoja na malori, na sababu yake ilikuwa mume aliyewekwa mbali na nyumba yake kwa majuma, mwenye fedha taslimu mfukoni. Kumweka mume na mkewe pamoja ni dawa, wala hatulidharau hilo. Hata hivyo, mwanamke anayepanda kwa ajili ya ulinzi tu, bila ya kuipenda kazi yenyewe, ataichukia barabara kabla ya kufika Mangaka, na hatalala zamu yake inapofika kwa kuwa macho yake yamo kazini mchana na usiku. Ndoa iliyokwisha kupoteza uaminifu ina dawa nyingine, na mlango wa imamu uko wazi.

Lipo pia la mafuta. Tunaliandika kwa kuwa kila mtu analijua na hakuna anayelitamka. Kuna nyumba hapa ambazo sehemu ya mapato yake hutokana na dizeli inayonyonywa katika tangi la tajiri na kuuzwa kwa madumu kando ya barabara. Mke aliyekuwa nyumbani alikula bila kujua, na huenda Mola akamsamehe. Mke aliye ndani ya lori ataliona dumu. Tulimwuliza mume mmoja kama amelifikiria hilo. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutaka mkewe awepo, kwa kuwa mbele yake hataweza. Tulilipenda jibu lake kuliko majibu mengine yote tuliyoyapata katika kikao kile.

Sasa watoto. Katika nchi yetu hii ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na nyumba ya bibi mzaa mama haijawahi kufungwa. Wajomba wapo. Kwa sababu hiyo wengi hulijibu swali la watoto upesi: wataenda kwa bibi. Tunaomba jibu hilo lisitolewe upesi. Bibi wa leo wa Newala ana maji ya kununua, ana mikorosho yake ya kupalilia, na mara nyingi ana wajukuu wengine watatu walioachwa na wazazi waliokwenda Dar es Salaam. Akipewa wanne zaidi apewe na fedha, kwa tarehe inayojulikana, na zisiwe salio la simu na ahadi. Mtoto anayenyonya asiachwe; Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kukamilisha kunyonyesha, na wala lori si mahali pa kumchukua. Walio katika umri wa kuingia shule na madrasa wanahitaji mtu wa kuwauliza wamesoma nini. Na mabinti na wavulana wanaokaribia kubalehe, ambao kwetu huu ndio wakati wa jando na unyago, wanamhitaji mzazi mmoja karibu kuliko walivyomhitaji wakiwa wadogo. Huo ndio umri ambao tumeona mambo mengi yakiharibika, na mara nyingi mzazi huarifiwa wa mwisho.

Liko moja zito kuliko hayo, na mzee mmoja wa kamati ndiye aliyelisema. Mume anapokwenda peke yake na ajali ikatokea, mtoto hubaki na mama. Wakiwa wote wawili katika chombo kimoja, ajali moja inawafanya watoto kuwa mayatima wa pande zote mbili kwa siku moja. Kikao kilinyamaza. Hatukusema kwamba kwa sababu hiyo ni haramu, kwani wazazi hupanda basi moja kila siku. Lakini dereva wa lori hupanda kila juma mwaka mzima, na hatari hujikusanya. Basi kabla ya kuondoka pawepo wosia wa maandishi. Mirathi imekwisha kugawanywa na Mwenyezi Mungu na si ya kuandikiwa wosia. Kinachoandikwa ni nani atakuwa wasii wa watoto, madeni ni ya nani na kiasi gani, amana za watu ziko wapi, na ikiwa mtu anataka kutoa sadaka isizidi theluthi. RITA hupokea na kuhifadhi wosia. Na watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa, kwa maana yatima asiye na cheti huhangaika mara mbili.

Kwa kuzipima kaya zetu tatu, tuliona hivi. Wale wa makamo ambao watoto wamejitegemea, hatukuona kizuizi ila afya ya macho na shinikizo la damu, nao wapime. Vijana wasio na mtoto wanaweza kuanza, wakijua kwamba mimba ya kwanza itawarudisha kwenye meza ya shauri. Ama kaya yenye watoto wanne, mdogo wao akiwa na mwaka mmoja na mkubwa ana miaka 13, tuliwashauri wasubiri, au mke aifanye kazi hii msimu wa korosho tu, katika safari fupi za kutoka Masasi na Newala hadi Mtwara ambazo mtu huondoka alfajiri na kulala kwake. Mume hakulipenda shauri hilo. Mke alilipenda kidogo zaidi. Uamuzi ni wao, kamati si mahakama.

Yamebaki maswali ya ibada, ambayo imamu aliyajibu kwa ufupi. Msafiri wa masafa haya anapunguza sala za rakaa nne na anaweza kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Kijana mmoja mwanachuo aliuliza kwa werevu: je, si mume na mke hawa wako kama nahodha anayeishi chomboni na mkewe, ambaye Imam Ahmad amesema hapunguzi sala kwa kuwa chombo ndicho nyumba yake? Imamu alimpongeza, akaeleza kwamba hukumu ile ni ya asiye na makazi mengine. Wenye nyumba Masasi wanayoirudia ni wasafiri kama wasafiri wengine. Katika madhehebu yetu ya Kishafii hata nahodha yule anaruhusiwa kupunguza, ingawa kutimiza ni bora kwake kwa kuchunga hitilafu ile. Ama funga ya Ramadhani, anayefungua kwa ajili ya safari analipa, na dereva aandike siku anazodaiwa na wakati atakaozilipa, kwa kuwa mwaka wa lori hauna mwezi wa kupumzika.

Swali la mwisho lilitoka kwa yule mama wa makamo, nalo halikumhusu imamu bali sisi wa kamati. Alisema: nikifika msikitini usiku wa manane nataka kutawadha na kuswali, naukuta upande wa wanawake umefungwa kwa kufuli, na choo kilicho wazi ni cha wanaume, nifanye nini? Tulipoulizana, tukakuta kwamba msikiti wetu, ulio hatua chache tu kutoka barabarani, hufunga upande huo mara baada ya isha. Kuanzia mwezi huu ufunguo unabaki kwa mlinzi, taa ya nje inawashwa hadi alfajiri, na pipa la maji linajazwa kabla ya magharibi. Tumewaandikia wenzetu wa kamati za misikiti ya Mangaka, Nakapanya na Tunduru kuwaomba wafanye hivyo. Wawili wamejibu.